Koo Lililotazamwa Mara Mbili

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza, na mtoto huyo alikuwa na kikohozi.

Mwanamke huyo aliitwa Tumsifu. Alikuwa ameolewa milimani, kijiji cha wakulima wa tangawizi, mahali penye ukungu asubuhi na moshi wa kuni ndani ya nyumba kutwa nzima, na watoto wa huko wote hukohoa mvua zikianza. Lakini Tumsifu hakuwa mtu wa huko. Alitoka tambarare, mama yake alikuwa mbali, mumewe yuko mbali zaidi kwenye mashamba ya mkonge, na yeye mwenyewe alikuwa bado msichana, ametoka shule juzijuzi tu. Mtoto akikohoa kidogo, moyo unamruka. Akinyamaza, unamruka zaidi, anamwekea mkono puani kusikiliza kama pumzi ipo.

Kijijini hapo aliishi bibi mmoja mkata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho. Bibi huyo alikuwa na kisu kilichopinda kama mundu mdogo, kijiko cha kukandamizia ulimi, na tochi. Wote walimwita Bibi Kimeo, hata waliozaliwa baada yake walidhani ndilo jina lake. Alikuwa mjane mpole, mwenye mikono ya joto. Mtoto akilia mikononi mwa wengine, akipewa yeye hunyamaza. Hakuwa tapeli, na atakayesimulia mfano huu akamfanya tapeli atakuwa ameuharibu.

Zamani, kabla bibi huyo hajafika kijijini, watoto walikohoa, wakapewa maji ya uvuguvugu, wakapona. Hakuna aliyejua kwamba kooni kuna kitu kinachoweza kurefuka. Alipofika yeye na tochi yake, wakajua. Na walipojua, wakaanza kuogopa, na walipoogopa, wakaanza kuomba wenyewe. Mama anafika mlangoni hata hajasalimia, anasema, "Bibi, kimeo cha mwanangu kimeshuka." Bibi anawasha tochi, anatazama, na kweli anakiona kimeshuka. Anakata. Mama anatoa kuku. Mtoto anakohoa siku chache, anapona, kama wale wa zamani walivyopona, lakini sasa aliyeshukuriwa ni kisu. Na yule ambaye hakupona, yule aliyetoka damu isiyokatika, au aliyevimba koo akashindwa kunyonya, watu walisema alicheleweshwa kuletwa. Kwa hiyo kila kaburi dogo pale kijijini liliwafanya akina mama wawahi zaidi.

Na wale kuku ndio walikuwa shamba la bibi. Hakuwa na kipande cha ardhi, kwa sababu ndugu wa marehemu mumewe walikigawana chote. Wajukuu zake walikula kutokana na makoo ya watoto wa watu.

Basi asubuhi moja wifi yake Tumsifu, Navoneiwa, akaingia bila hodi akamkuta amemkumbatia mtoto anatetemeka naye.

"We Tumsifu, huyu mtoto unamngojea nini? Kikohozi gani hiki cha kuvuta vuta? Mimi wangu wote wamekatwa, watazame walivyo mafahali."

"Wifi, naogopa kisu."

"Unaogopa kisu, huogopi jeneza! Kamata kuku twende. Yule mwekundu, si yule kilema, usinitie aibu."

Tumsifu akamkamata yule mwekundu. Alikuwa anataga. Njiani alikuwa anasema na Mungu moyoni, maneno yanagongana: Mungu wangu akikatwa na damu isikatike nitafanya nini, na asipokatwa akafa nitamwambia nini baba yake, na nikirudi nyumbani sasa hivi wifi atanisema mpaka uzeeni, Mungu wangu nionyeshe, sijui, mimi sijui kitu. Aliyesoma kemia shuleni na kuchora mapafu ya binadamu kwa penseli ya rangi, leo hajui kitu. Hofu humfanya mtu asijue hata alichofundishwa.

Kwenye ua wa bibi palikuwa na akina mama wameketi kwenye benchi na kwenye mawe, kila mmoja na mtoto mgongoni na kuku miguuni, amefungwa kamba. Kuku walikuwa wanapiga kelele kuliko watoto. Zamu ya Tumsifu ilipofika, Navoneiwa akamsukuma begani, akaingia peke yake, maana chumba kilikuwa kidogo.

Bibi akampokea kuku kwanza. Akampapasa kifua, akamwangalia macho, akasema, "Kuku mzuri huyu, Mungu akubariki," akamweka chini ya tenga. Kisha akampokea mtoto. Mtoto akanyamaza palepale. Bibi akaweka kijiko, akawasha tochi, akainama.

"Aaah," akasema. "Mwanangu, umefanya vizuri kuja. Kirefu hiki. Kinagusa ulimi kabisa. Ungelala naye tena hivi, usingemwamsha."

Bibi akachukua kisu, akakipitisha kwenye moto wa jiko, akakipangusa. Ilikuwa desturi yake kumwita mtoto kwa jina wakati wa kukata, amwite kwa sauti ya upole ili roho yake isishtuke ikakimbia. Kwa hiyo akauliza, kama alivyowauliza wote:

"Anaitwa nani huyu?"

"Anaitwa Nasemba, bibi."

Kisu kikasimama.

"Nani?"

"Nasemba. Tumemrithisha jina la mama mkwe, marehemu."

Bibi akakaa chini taratibu, mtoto bado mapajani. Akacheka bila meno. "Mimi pia ni Nasemba," akasema. "Wote wenye kuniita hivyo wamekwisha kufa. Ni zamani sana sijalisikia jina langu mdomoni mwa mtu. Karibu, somo yangu. Karibu nyumbani kwako."

Sasa, kwa watu wa milima ile somo si jambo la mzaha. Ukikutana na mtu mwenye jina lako, yule ni wewe, na wewe ni yeye. Huchukui kitu mkononi mwake. Anayepokea ujira kwa somo yake ni kama amejiibia chakula chake mwenyewe. Mkubwa ndiye anayempa mdogo, hata kama ni punje ya mahindi. Bibi alilijua hilo tangu utoto, na hakuhitaji kufikiri. Akanyoosha mkono chini ya tenga, akamtoa yule kuku mwekundu, akamweka miguuni kwa Tumsifu. Akatafuta cha kumpa mtoto, akapata yai, akamkunjia kwenye kanga.

"Lakini nitamkata," akasema. "Nitamkata bure, siwezi kumwacha somo yangu afe. Ngoja nimtazame vizuri nisimuumize."

Akawasha tochi mara ya pili. Mtoto yuleyule, koo lilelile, tochi ileile. Akainama. Akakaa ameinama kwa muda mrefu. Akazima tochi, akaipiga piga kiganjani kama vile ni tochi yenye makosa, akaiwasha tena, akatazama tena. Nje kuku walikuwa wanalia. Tumsifu alikuwa amefumba macho, ameng'ata ncha ya kanga, anangoja kilio.

"Mwanangu," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "huyu hana kitu. Ana mafua. Kimeo chake ni cha kawaida, ndivyo alivyokiumba Mungu. Mtoe kwenye moshi wa jiko, mnyonyeshe, atapona."

Tumsifu akafumbua macho. "Lakini bibi, umesema kirefu. Umesema kinagusa ulimi."

"Nimesema," bibi akajibu. Alikuwa anakitazama kisu kama mtu aliyekutana njiani na mtu anayemfahamu, akashindwa kukumbuka wapi.

Tumsifu akatoka na mtoto kifuani na kuku kwapani. Ua mzima ukanyamaza. Maana pale kuku hakuwahi kurudi. Akina mama wakatazamana, mmoja akaweka mkono mdomoni, mwingine akasema polepole, "Pole mama. Pole sana." Walidhani mtoto hafai tena, bibi amekataa kula kuku wa maiti. Navoneiwa akaja mbio, kanga inamdondoka.

"Umemwambia nini bibi wa watu?"

"Sijamwambia kitu. Amesema mtoto haumwi."

"Haumwi! Nani aliyewahi kuambiwa hapa kwamba haumwi? Rudi ndani, mpigie magoti, mwambie tutaongeza na yule kilema!"

Na mtoto, kama vile ametumwa, akakohoa.

Hapo ndipo Tumsifu alipokaribia kurudi. Tusimcheke. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka. Macho yote yale ya huruma yalikuwa yanamwambia mtoto wako anakufa, na upande wake yeye alikuwa na neno moja tu la bibi mmoja, na bibi huyohuyo kabla ya hapo alikuwa ametoa neno jingine. Amsadiki yupi? Yule bibi wa kwanza au yule bibi wa pili? Akasimama katikati ya ua, jasho linamtoka kwenye ubaridi ule. Akajiuliza ni kitu gani kilibadilika mle ndani kati ya mara ya kwanza na mara ya pili. Mtoto hakubadilika. Koo halikubadilika. Macho ya bibi ni yaleyale ya kizee. Akatazama chini, akamwona kuku anamdonoa kidole cha mguu. Kilichobadilika mle ndani kilikuwa kuku huyu tu, aliyetoka chini ya tenga akaja miguuni pake.

Akashusha pumzi. Akamfunga mtoto mgongoni kwa fundo la nguvu, la mtu anayekwenda nyumbani.

Lakini aliyefuata zamu alikuwa binti mdogo kuliko yeye, anaitwa Zaituni, binti wa muuza mitumba wa gulioni, ana mtoto aliyefungwa kofia ya sufu mpaka nyusi. Kuku wake alikuwa mwembamba wa kutia huruma, na ilionekana wazi kwamba hana mwingine. Tumsifu akapita karibu naye. Alikuwa anaweza kupita tu. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, alikuwa anataka kufika nyumbani akafunge mlango na kulia machozi ya shukrani peke yake. Akainama kama anayerekebisha kiatu.

"Akikuuliza jina la mtoto," akanong'ona, "mwambie anaitwa Nasemba."

"Anaitwa Shamila," Zaituni akasema, macho yamemtoka.

"Leo anaitwa Nasemba. Utarudi na kuku wako."

Zaituni alimsikiliza kwa ajili ya kuku, si kwa ajili ya jambo jingine lolote. Akaingia. Tumsifu akaketi kwenye jiwe kungoja, Navoneiwa akimsemasema juu ya kichwa. Wakasikia kicheko cha bibi, "Somo mwingine! Leo ni siku gani hii?" Kisha mlango ukafunguliwa kwa nguvu, bibi mwenyewe akatoka amembeba mtoto wa Zaituni, nguo imefunuliwa, na wote wakaona mbavu za mtoto zinavyoingia ndani kila akivuta pumzi, kama mfuko unaonyonywa.

"Huyu haumwi koo!" bibi akapaza sauti. "Anaumwa kifua! Mtu mwenye miguu ampeleke hospitali kule barabarani, sasa hivi, asikae hapa, asinywe kitu cha mtu yeyote!"

Navoneiwa ndiye aliyekuwa na miguu. Hakuuliza swali. Alimnyakua Zaituni mkono, wakateremka mlima kwa njia ya mkato wanaruka mawe, kanga zinapepea. Mtoto yule alilazwa, akachomwa sindano, akapewa hewa ya mpira puani. Aliishi. Daktari alisema angekatwa kitu kooni asubuhi ile na kurudishwa nyumbani, asingefika jioni.

Sikilizeni basi. Kuku hakuwa amemficha bibi afya tu. Alimficha na ugonjwa pia. Mtu anayetafuta kimeo haoni kifua.

Na pale uani neno lilikuwa limeshapita kutoka mdomo hadi mdomo. Akaingia mama wa tatu, mtoto wake anaitwa Nasemba. Wa nne, Nasemba. Akaja mmoja na mtoto wa kiume, dume la kweli, halina hata suruali ya kulificha.

"Na huyu naye ni Nasemba?" bibi akauliza.

"Ndiye, bibi."

"Ameota mkia tangu lini Nasemba?"

Wakacheka wote, na bibi akacheka, lakini alimpokea. Hakumfukuza hata mmoja. Pengine alikuwa ameelewa mapema kuliko walivyodhani. Pengine alitaka na yeye aone. Akawarudishia kuku wao, akawagawia mayai mpaka yakaisha, kisha akawagawia maharage, punje punje, kwa kuwa somo haondoki mikono mitupu. Na kila koo alilitazama kwa tochi ileile, polepole, kama anayesoma barua ya mtu aliyempenda. Jua lilipokaza, ua ulikuwa umebaki mtupu, manyoya tu yanapeperuka. Tenga tupu. Kisu kimelala kwenye kigae, hakina doa.

Tumsifu alikuwa bado ameketi palepale kwenye jiwe. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Bibi akatoka, akakaa karibu naye, akakunja mikono.

"Leo sina kuku hata mmoja," akasema, "na leo sijaona kimeo kirefu hata kimoja."

Tumsifu akaona machozi yanamshuka bibi kufuata mikunjo ya uso, hayana haraka. Akajua bibi anawahesabu wengine, wale wa miaka yote, wale ambao hawakuitwa kwa jina lake. Alitaka kumshika mkono akashindwa, akaogopa ni utovu wa adabu. Akasema tu, "Asante, bibi. Asante kwa kumtazama mara ya pili."

Alitaka kumpa kitu. Alimwangalia kuku mwekundu, yule anayetaga, akamnyanyua, na mikono ilikuwa imeshanyooka nusu ya njia. Kisha akaogopa kuliko alivyokuwa ameogopa siku nzima. Maana kama mtu aliyeona kweli anashukuriwa kwa kuku, kesho ataona nini? Akamrudisha kuku kwapani. Akaona aibu. Akaenda nyumbani akiwa na deni la moyo lisilojua pa kwenda.

Lilipata pa kwenda mvua zilipokatika. Milimani wana msaragambo, ile kazi ya pamoja, watu wanatoka wote na majembe kutengeneza mfereji au barabara, na hakuna anayelipwa. Navoneiwa, mwenye mdomo wake, ndiye aliyesimama kwenye kikao cha akina mama. Hakumtaja mtu, alisema tu kwamba kule juu ya mfereji kuna shamba la kijiji limekaa bure, na kwamba kuna bibi mmoja hana pa kulima. "Tumlimie," akasema. "Tumlimie watoto wakikohoa, tumlimie wasipokohoa. Ale mwaka wetu ukiwa mzuri, ale ukiwa mbaya. Akae atutazamie watoto, akiona kitu aseme, asipoona kitu aseme, na ugali wake usiongezeke wala usipungue kwa alichosema." Kukawa na ubishi, akina mama wawili wakasema mbona hatukuzoea hivyo. Lakini wakalima. Tumsifu alilima mstari wa kwanza, mtoto mgongoni, na kila jembe lilipoingia ardhini alisema moyoni asante, asante, hata mgongo ukamuuma na bado anasema.

Kisu hicho bibi hakukitupa. Alikitumia kukatia mboga.

Na watoto wa kijiji kile waliendelea kukohoa mvua zikianza. Akina mama waliwapeleka kwa bibi, mikono mitupu, na kila mtoto aliyefika alimwita Nasemba, wa kike kwa wa kiume. Wengi aliwarudisha nyumbani. Wachache aliwateremsha barabarani mbio. Watu wakaanza kusahau kwamba kooni kuna kitu kinachoweza kurefuka.

Basi ninyi akina mama wenzangu mnaonisikia, na ninyi akina baba mnaotoa kuku bila kuuliza, mshukuruni kila aliyewahi kuwaambia kwamba mtoto wenu haumwi, maana huyo alikula hasara ili aseme hivyo. Lakini mkifika nyumbani mjiulize: yule aliyemtazama mtoto wako mara ya mwisho, jicho lake lilianza kumwona nani, mtoto au kuku?